Mwaloni na Mnara

Waya wa shaba ulifika kwetu mwaka aliozaliwa Gethin,
nguzo kumi na tisa kutoka kanisani,
ya mwisho imeegemea ukuta wa mawe
kama mlevi anayemsubiri mwenziwe.
Mvua ikija (na huku Wales mvua hainyeshi, inaishi)
simu hukohoa, mtandao huzirai.

Kampuni ikatuandikia: faiba inakuja.
Ikaja kweli. Ikafika kwa Rhisiart, mita mia tisa chini,
ikaketi kitako.
Kuichimbia njia hadi mlangoni petu, walisema,
pauni elfu kumi na moja.
Gethin akaisoma barua mara mbili, akaikunja,
akaitia chini ya mguu wa meza unaotikisika.
Hiyo ndiyo kazi pekee faiba imetufanyia.

Nikashuka mjini, nikanunua kisanduku cheupe
kisichozidi kopo la majani ya chai, laini ya simu tumboni.
Tukazunguka nacho nyumba nzima
kama mtoto anayetafutiwa pa kulala:
jikoni kijiti kimoja, ngazini viwili,
chooni vitatu, tukacheka, tukaghairi,
darini, dirisha la kusini, vinne.
Mnara uko ng'ambo ya bonde,
sindano iliyosahauliwa kwenye sufu.

Baridi ile yote tulikuwa matajiri.
Nilisajili wana-kondoo sitini na wawili bila kutukana mtu,
Gethin akatazama raga mpaka sauti ikamkauka,
na Lleucu wetu, anayekama ng'ombe wa watu kule Dunedin,
alitujia kila Jumapili, uso mzima,
hata chunusi za kidevuni tukazihesabu.

Kisha ikaja Mei.

Tukailaumu kampuni.
Tukawalaumu watalii na mahema yao,
wamejazana kwenye mnara mmoja kama ndama kwenye chuchu moja.
Nikanunua kifurushi kikubwa zaidi; wapi.
Lleucu akawa mraba wa kijani, mraba wa kahawia,
mdomo unaofunguka bila neno.
"Mama, umega—"
Umeganda, alitaka kusema. Akaganda yeye.

Gethin ndiye aliyeng'amua, kasimama darini na kikombe chake:
kati ya dirisha na mnara, mwaloni,
umevaa majani yote.
Baba yake aliupanda siku waya ulipokuja.
Mafundi walichimba shimo pasipofaa, wakahamia pengine,
naye akaona haya kuliacha tupu.

Akatoa msumeno. Akautia mafuta.
Akauwasha, ukanguruma, kondoo wakatawanyika.
Akauzima.
Akasema mnyororo ni butu.
Haukuwa butu, niliunoa mimi.
Sikusema kitu. Jani halihongeki,
na mume wangu pia, siku nyingine, ni jani.

Basi tukauhamisha mtandao.
Kiangazi kisanduku hukaa bandani juu,
rafu moja na dawa ya kwato,
umeme tumeuvuta kwa waya mrefu wa rangi ya chungwa.
Vikao vya ushirika nahudhuria nimekalia gunia.
"Nani huyo anayekohoa?" katibu akauliza.
"Ni kondoo dume," nikamjibu. "Anaunga mkono hoja."

Leo ni tarehe ishirini na mbili Oktoba.
Upepo tangu alfajiri.
Nimekirudisha kisanduku darini kabla ya wakati wake, kwa pupa tu,
na Gethin yuko chini uani na reki,
anajifanya hasikilizi.
Lleucu anakuja: kwanza nywele,
kisha jicho moja,
kisha, jani baada ya jani, shavu.
"Mama, sauti yenu inakatika."
"Subiri," namwambia.
"Bado matawi ya juu."