Madebe Saba

Lilianza kama tone.
Tone moja kwenye kola ya shati langu jeupe
lililoanikwa barazani, ghorofa ya tatu, mjini Ruse,
tone la rangi ya chai,
na juu ya kichwa changu sauti ya bati likiburutwa.

Nilipanda ngazi. Lifti ilikuwa imekufa,
nami niliyekuwa fundi wake hadi nastaafu
niliona haya kuilaumu.
Yordanka akafungua mlango nusu,
mikono yake rangi ya majani hadi viwikoni,
na kabla sijatamka neno akaniuliza:
"Una mayai ndani? Usitupe maganda."

Madebe saba. Ya jibini, yale ya maji ya chumvi,
ameyaosha mara tatu, ameyatoboa vitako kwa msumari,
ameyapanga ukingoni kama watoto wanaosubiri kupigwa picha.
Udongo, alisema, ni wa vichuguu vya fuko,
fuko wa shamba la kaka yake, si takataka za dukani;
ameuleta kwa basi, mkoba baada ya mkoba,
Jumapili zote za Aprili,
kondakta akidhani bibi kizee anasafiri na vitabu.

Habari ya shati sikuitaja.
Nilihamisha kamba.

Juni aliteleza bafuni, akavunjika nyonga.
Wabeba machela walimteremsha hatua kwa hatua;
kwenye mlango wangu akawaamuru wasimame,
akachomoa ufunguo kifuani:
"Asubuhi, si jioni. Shinani, si majanini.
Na yale machipukizi ya kwapani, yang'oe.
Usiyahurumie, Ognyan. Huruma huzaa majani."

Basi nikawa yaya wa minyanya,
mimi niliyewahi kuua dungusi.
Wiki ya kwanza nilimwagilia nikikumbuka,
nikasahau, nikamwagilia kwa kufidia,
na nyanya ya kwanza ikaoza kitako,
nyeusi, ngumu, kama kisigino cha kiatu.
Nikasaga maganda ya mayai kwenye kinu cha kahawa.
(Kahawa ya mwezi ule ilikwaruza meno.)

Maua yakaja, manjano, yameinamisha shingo.
Lakini baraza lake lina vioo pande tatu,
nyuki hana pa kuingilia.
Nikampigia simu hospitalini. "Yatikise," akasema.
"Vipi?"
"Kama unavyomwamsha mtu unayempenda."
Nilikuwa sijamwamsha mtu kwa miaka kumi na mmoja.

Nilitumia mswaki wa umeme.
Kila saa nne asubuhi, nimevaa fulana ya ndani,
niliugusisha mswaki unaovuma nyuma ya kila kikonyo,
chavua ikidondoka kwenye kucha zangu kama bizari,
na mwanamke wa jengo la ng'ambo akivuta pazia.

Tarehe tatu Agosti nilimpelekea moja.
Ya waridi, nzito, ina mpasuko begani,
na chumvi kidogo kwenye karatasi niliyoikunja.
Hakuipokea. Alishika mkono wangu,
akaunusa, kidole kwa kidole, mpaka kiganjani,
ile harufu kali ya majani isiyosikia sabuni,
macho ameyafumba muda mrefu
hata muuguzi akasogea karibu.
Kisha: "Unazidisha maji. Ndiyo maana imepasuka."
Akaila yote. Mbegu moja ikabaki kidevuni
na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Sasa amerudi, anatembea na mkongojo,
na barazani kwangu kuna debe la nane
ambalo, anasema, ni la kwake, mimi nimekopeshwa.

Leo asubuhi kopo bado liko mkononi
nikasikia mpini wa ufagio ukigonga kutoka chini,
mara tatu, kwa hasira.
Halafu miguu kwenye ngazi.
Nikafungua mlango nusu.
Ventsislav wa ghorofa ya pili, shuka imelowa begani,
kinywa tayari kimefunguka.

"Samahani," nikamwahi, "mayai huwa unakula?"