Kisanduku cha Pili

Fomu yetu ya likizo ina kisanduku kimoja:
siku 84. Chumvi imeila pembeni.

Yusta wa kufungasha amejifungua Jumanne, Maweni,
miezi saba haijatimia.
Kilo moja na robo.
Hapa Uvinza uzito huo naujua kwa kiganja,
ni pakiti moja na kombo.

Ntakije, mumewe, alileta cheti cha daktari
kimekunjwa mara nne, kimelowa jasho.
Kiti alikikataa.
"Redio imesema sheria imebadilika.
Njiti anaongezewa siku."

Bosi akacheka: "Redio hailipi mishahara."

Nikavuta waraka chini ya risiti za kuni,
bahasha bado ina gundi.
Nikamsomea kifungu. Akaniambia nirudie.
Nikarudia.
Akatazama nje, kwenye matanuri,
akahesabu kitu kwa vidole, akaacha.

"Haya, andika."
"Niandike wapi, bosi?"

Kimya.

Nikachukua rula, nikachora kisanduku cha pili.
Mstari ulipinda, mkono ulikuwa na mafuta ya mihogo.
Jina la mtoto hawajampa.
Nikaandika: *yupo*.