Jalada la Juu

Ofisini kwetu Arua, chumba cha tatu kutoka chooni,
kuna mihuri miwili.
Wa buluu husema IMEPOKEWA.
Umeshiba wino, hata mtoto angeupiga.
Mwekundu husema DHARURA,
nao hulala ndani ya droo yangu, chini ya chumvi na miwani,
kwa sababu una masharti.

Masharti nayasoma kwa sauti kila asubuhi
kwa walioketi kwenye benchi, na kwa wale ambao benchi haliwafai,
waliofika kwa baiskeli za mikono, kwa migongo ya kaka zao:
mkata rufaa athibitishe kwamba hana chakula,
au anafukuzwa nyumbani,
au daktari aandike kuwa siku tisini
ni nyingi kuliko alizobakiza.
Nakala tatu.

Jumanne alikuja Letaru wa Oli
amembeba mumewe ndani ya bahasha.
Mwenyewe yuko kitandani, kwa ubavu,
tangu lori la tumbaku lilipomlalia njia ya Koboko.
Posho ya Andama ilikataliwa mwezi wa pili.
Sababu: mwombaji hakufika kukaguliwa.

"Hakufika," akasema Letaru,
akaligeuza neno mdomoni kama jiwe dogo ndani ya maharage.
"Mtu hatembei, nanyi mnamwandikia hakufika."
Sikumjibu. Nilitafuta kalamu,
na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Kidonda cha mgongo, barua ya hospitali ilisema, kimefika mfupani.
Anahitaji godoro la hewa, dawa, mtu wa kumgeuza usiku,
haraka iwezekanavyo.
Maneno hayo hayamo katika masharti.
Nikamwambia, mrudie daktari, aandike siku.
Aandike hesabu.
"Hesabu hiyo nani anaijua?"
Hakuna anayeijua. Lakini fomu ina kisanduku.

Ukutani ipo kalenda ya duka la saruji,
imeandikwa Subira Huvuta Heri.
Huvuta, sawa.
Ila heri ya huku ni nzito, kamba ni fupi,
na mvutaji amelala kwa ubavu.
Nao waliosema haraka haina baraka
hawakutuambia walikuwa na miguu mingapi.

Alhamisi Letaru akarudi. Kisandukuni: 21.
Moja ilikuwa imevuja kidogo; daktari, au mvua.
Nikafungua droo. Wino umekauka.
Nikatia tone la chai, Mungu anisamehe,
nikapiga. Ikatoka rangi ya tofali,
DHARU, kisha pengo, kisha A.

Jalada likapanda juu ya rundo.
Kupanda kwenyewe si kazi, ni mkono mmoja tu kuinuka.
Lakini usiku ule, kitandani, nililisikia rundo likishuka:
Zamzamu wa figo,
Drakuma aliyepofuka akichomelea vyuma bila miwani,
binti wa Ezati, ambaye jina lake tumelikosea mara mbili
na kila kosa likamrudisha mwanzo,
wote wameshuka unene wa karatasi kumi na moja
na hakuna aliyewaambia.
Mimi ndiye niliyewashusha.
Ningefanya tena.
Sijui sentensi ipi kati ya hizo mbili ndiyo inayoniamsha.

Siku ya kumi na tisa uamuzi ukaja: imekubaliwa.
Nikapiga simu kwa salio langu mwenyewe.
Ikapokelewa na kimya.
Kimya kirefu, na kuku mahali fulani,
nami nikahesabu, kumi na tisa, ishirini,
nikiwa nimeushika muhuri bila sababu.

Kisha sauti ya Letaru:
"Yupo. Amesikia.
Anauliza, je, ni lazima afike kuweka dole gumba?"

Nikafungua masharti, ukurasa wa nne.
Lazima.

Nikakifunika kidau cha wino, nikakitia mfukoni.
Oli si mbali.
Mwenye miguu huifika kabla chai haijapoa.