Jozi Moja ya Viatu

Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Eedla,
na viatu vilikuwa jozi moja,
vya baba, aliyezikwa mwaka ule wa njaa ya Savo
tuliposaga magome ya msonobari
tukayaita unga.

Shule ilikuwa ya kuhamahama:
wiki sita kwa mwaka, sebuleni kwa jirani,
mwalimu mwenye mguu mmoja mfupi
na ubao aliobeba mgongoni kama mlango ulioibwa.
Leo viatu zamu yangu, kesho zamu yake.
Ndivyo mama alivyokata shauri,
naye hakuwa mtu wa kukata shauri mara mbili.

Sasa nimezeeka, hakuna wa kunichapa, wacha nikiri:
nilimuuzia siku zangu.
Siku ya hesabu, kwa donge la sukari.
Siku ya kuandika, anikamulie ng'ombe wiki nzima.
Siku ya ramani nilimpa bure;
nje upepo ulikuwa unachuna ngozi,
na juu ya tanuri palikuwa na nafasi, mimi na paka.

Alirudi gizani, matambara aliyojaza vidoleni yamelowa
(viatu vya baba havikuijua miguu yake),
akamsomea ng'ombe yote aliyoyasikia.
Ng'ombe akacheua. Nami nikacheka.

Kila Februari kasisi alikuja kutupima,
maana asiyesoma hakupewa meza ya Bwana
wala mume.
Kusoma, ndiyo. Kuandika, alisema,
ni kazi ya wanaotoa amri.
Eedla akasoma sura yake, kisha akakigeuza kitabu
miguu juu, akaendelea bila kukwama.
Kasisi alidhani ni uchawi.
Haukuwa uchawi. Kitabu kilikuwa kimoja,
na yeye siku zote alikaa upande wa pili wa meza.

Akaenda kuosha vyombo nyumba kubwa.
Kiswidi, lugha ya wenye ardhi,
alikiokota jikoni na maganda ya viazi,
kwenye magazeti yaliyofungia samaki wa chumvi,
habari zenye harufu, zilizokatika katikati.

Ana miaka kumi na minne. Siku ya mahesabu.
Wapangaji tumepanga mstari, kofia mkononi,
nokoa anasoma daftari: "Kibanda cha mjane Pöntinen,
siku tatu za kazi kila wiki."
Eedla amesimama mbele ya meza, mikono nyuma.
"Mbili," akasema.
Kwa Kiswidi.
"Hapo kwenye kidole chako, bwana, pameandikwa mbili."

Nilisikia kuni zikipasuka mekoni.
Hakuna mpangaji aliyeinua uso. Hata mimi.

Barafu ya ziwa ilipoyeyuka tukafukuzwa.
Mama hakumsemesha Eedla mpaka mavuno.
Asubuhi ile Eedla alipoelekea Kuopio,
kwenye kiwanda cha nyuzi na madarasa ya usiku,
viatu vilikuwa zamu yangu.
Nikavivua.
Hakutaja bei, wala mimi.

Mengine mnayajua ninyi wa mjini.
Wanawake waliporuhusiwa kura, jina lake likawa karatasini,
kisha likawa bungeni, Helsinki,
miongoni mwa wanaume wenye ndevu zilizochanwa.
Aliniandikia barua. Kurasa nne.
Nikaishika karibu na dirisha, nikaishika mbali.
Mimi nasoma herufi za chapa tu, za kitabu cha dini;
mwandiko wa mkono ulifundishwa siku zile
nilizokuwa juu ya tanuri.

Binti wa mwenye duka alinisomea, haraka haraka,
kama mtu anayehesabu chenji.

Lakini gazeti lilikuwa la chapa.
*Pöntinen, Eedla.* Nikalifuata kwa kidole.
Kisha nikaligeuza gazeti miguu juu,
nione alichokuwa akikiona yeye,
nikaanza upya, herufi moja, herufi moja.
Mchana ulinikuta bado kwenye jina.