Golo

Walinipa nafasi katikati ya gogo,
Nantambwe kushoto, Chilumba kulia,
na nyuma yetu Bi Somoe na beseni la ming'oko
lililofunikwa kwa khanga iliyofifia maneno.
"Fundi," akasema Chilumba, "leo uko wapi?"
Nikamwambia niko hapa, si unaniona.
"Sijaulizia matako," akasema. "Naulizia moyo."

Miaka sita natengeneza cherehani hapa Newala.
Jina langu kwenye kibali cha ukaazi
lilikuwa na herufi ambayo karani hakuipata
kwenye mashine yake, akaweka nyingine.
Nimeizoea hiyo nyingine.

Vijana wa Mueda walivuka Ruvuma alfajiri,
viatu vimening'inia shingoni,
mpira ndani ya gunia la mahindi.
Wakapandishwa mlima na lori la korosho,
wakashuka uwanjani wekundu hadi magotini
kama watu waliotoka kuchimba kaburi, au muhogo.
Sikuwatazama.
Niliweka dau kilo mbili za korosho, zilizobanguliwa,
kwamba Newala inashinda.
Nililitaja kwa sauti, ili gogo la jirani nalo lisikie.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na kitu.
Refa, mwalimu wa hesabu, alipuliza filimbi
kama anayekusanya madaftari.
Mtu mmoja akamtukana kipa wao kwa Kimakonde,
kipa akageuka, akamrudishia kwa Kimakonde,
tusi lilelile, ila la kule lina mkia mrefu zaidi.
Uwanja mzima ukacheka.
Mimi nilitangulia kucheka,
maana mkia ule niliujua ulipoishia.

Halafu namba saba. Mwembamba, soksi moja chini,
akikimbia ameinamia kushoto
kama aliyekua akibeba ndoo kwa mkono mmoja.
Kisima cha kwetu kilikuwa mbali.
Wote tulikua tumeinama hivyo.

Dakika ya themanini na kitu
mpira ukagonga kichuguu, ukabadili mawazo,
namba saba akaudaka kwa paji la uso.
Wavu hatuna; uliingia
ukaenda kusimama kwenye shamba la mbaazi.
Na kitu kikanitoka kifuani
kabla sijawahi kukifungia mlango:

Golo!

Si goli. Golo,
na ile o ya mwisho ndefu, ya pembeni mwa redio ya baba,
betri zake zimeshinda juani tangu asubuhi
ili zitufikishe hata nusu ya mechi.

Watu wakageuka.
Hata mbuzi aliyefungwa kwenye kona,
zawadi ya mshindi, aliacha kutafuna.

"Haya," akasema Chilumba. "Moyo umejibu."
Nantambwe alicheka mpaka gogo likamtupa.
"Kilo mbili, fundi! Zilizobanguliwa!"
Bi Somoe akanipenyezea fungu la ming'oko,
akakataa hela. "Tafuna,
usije ukatuzimikia ugenini."

Baada ya filimbi nilimkuta namba saba akihangaika na kamba.
"Njomba," aliniita, bila kuuliza jina.
Nikamuuliza kama kule mvua imenyesha.
"Imenyesha vizuri," akasema.
"Ila tuliobaki kulima, vidole hivi vinatutosha."
Akavuta. Mbuzi hakutaka ng'ambo,
alikita miguu yote minne kwenye ardhi ya Newala.
Nikamsukuma kwa nyuma mpaka akaingia loríni,
na mkono wangu ukabaki kwenye ubao wa lori
hata lilipoanza kuondoka, hatua tatu, nne.

Tulirudi kwa njia ya Shimo la Mungu.
Bonde lote lilikuwa ukungu, mto hauonekani,
upande huu na ule huwezi kusema.
Chilumba, asiyenyamaza hata msibani, alinyamaza.
Kisha:
"Cherehani ya mke wangu bado inaruka mishono."
"Ilete kesho."
"Kesho una deni la korosho."
"Basi ilete na nyundo," nikamwambia. "Tubangue wote."