Nakala ya Tatu

Diski ilianza kugonga usiku mmoja wa Februari,
tik, tik, kama ukucha juu ya kioo,
na Aila Kemppainen, mpima ardhi mstaafu wa Oulu,
akaizima kompyuta kwa vidole viwili
kama amfumbaye maiti macho.

Asubuhi alifungua daftari.
Nakala ya kwanza, mezani. Ya pili, kabatini,
mbali na bomba la sauna linalovuja.
Ya tatu... hapo kalamu ikasita.
Ya tatu haifai kulala humu ndani;
moto ukija haubagui rafu.

Dada yake alishakufa. Benki imefuta visanduku.
Amebaki Veikko, ng'ambo ya mto,
talaka ya miaka tisa,
ghala lake kavu, mlango wake mzito.

"Ina nini?" Veikko aliuliza, akiipima kiganjani.
"Ramani. Kodi. Sauti ya Eero akijifunza kuhesabu."
Hakuuliza tena. Akaitia katika kopo la kahawa,
akaandika tarehe kwa penseli.

Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi
Aila huvuka daraja na diski mfukoni,
hurudi na pacha wake.
Akiba haiozi, husemwa.
Ya diski huoza, tena kimyakimya,
kwa hiyo kabla ya kuifungia
hufungua faili moja, yoyote, aone kama ingali hai.

Mwezi huu kidole kiliangukia sauti.
Moja. Mbili. Nne.
Na nyuma yake, mbali kidogo, mwanamume anacheka:
"Tatu, mwanangu. Umeiruka tatu."