Chupa ya Soksi

Mwezi wa tatu, theluji bado imekalia vilima vya Wales,
kondoo jike akafa akizaa nyuma ya ukuta wa mawe.
Mwanangu Gwilym akamleta yatima ndani ya koti,
akamlaza kwenye sanduku la viazi kando ya jiko.
Mabli, miaka minne, akampa jina: Soksi,
kwa ile miguu yake miwili myeusi.

Nani angemkataza?
Hata mimi nililelewa hivyo,
na mama yangu kabla yangu,
jiko hilihili, sanduku jingine.

Soksi akinyonya chupa, mkia hautulii.
Mabli akicheka, kidole gumba mdomoni,
kilekile kilichokwisha kulambwa.

Hapo ndipo.
Mlango haukugongwa, mbwa hakubweka.

Siku ya tano, tumbo.
Ya sita, damu kwenye shuka.
Ya nane hakukojoa kabisa,
tukakimbizwa Cardiff usiku, Gwilym hana hata viatu vya kueleweka.
Daktari akanichorea figo nyuma ya bahasha:
chujio, akasema, lililoziba kwa majani ya chai.
Bahasha ninayo. Sijui kwa nini.

Kisha akaja bwana wa Idara ya Afya na vijiti vya pamba.
Akachukua kinyesi cha Soksi, cha ng'ombe, cha mbwa,
na changu pia, nikiona haya kama msichana.
Barua ikafika baada ya wiki tatu:
kijidudu cha mtoto na cha mwana-kondoo
ni kimoja, havitofautiki.

Undugu ni kufaana, si kufanana.
Nani amwambie hivyo yule bwana na darubini yake?

Na Soksi hakuugua hata siku moja!
Alinona. Alirukaruka.
Tumboni mwake kile kitu kilikuwa mpangaji mpole,
hodi kwetu kikaingia na shoka.

Mabli amerudi, mwembamba, kovu dogo karibu na kitovu.
Ananawa akihesabu hadi ishirini,
kumi na nne huiruka kila mara.
Jana tulisimama kwenye ua wa malisho.
Katika kondoo mia mbili, mmoja aliinua kichwa,
akaja mbio, miguu miwili myeusi.

Mabli akaficha mikono nyuma ya mgongo.
"Umekuwa mkubwa," akamwambia,
na hakusogea.

Chupa nimeichemsha mara tatu.
Bado iko dirishani.